Wajibu wa Mtoto wa Mlevi

Insha nyingi zimeandikwa kumwonya kijana asinywe pombe. Maonyo hayo ni mema, na mwenye masikio ameyasikia tangu shule ya msingi. Lakini liko kundi jingine la watu ambalo husahauliwa katika maonyo hayo. Ni watu wasioonja hata tone la kileo, na hata hivyo pombe imewanyima usingizi, imewapunguzia chakula, imewatia haya mbele ya majirani, na imewazeesha kabla ya wakati wao. Watu hawa ni jamaa za walevi: mke, mume, mama mzazi, ndugu, na zaidi ya wote, mtoto. Insha hii yawahusu wao. Ikiwa wewe msomaji ni mmoja wao, soma kwa utulivu. Ikiwa si mmoja wao, soma pia, maana huenda mwenzako uketiye naye dawati moja ni mmoja wao, nawe hujui.

Swali letu ni hili: mtoto wa mlevi ana deni gani kwa mzazi wake, na ana deni gani kwa nafsi yake mwenyewe? Je, mapenzi yamtaka afiche yote, avumilie yote na kubeba yote? Au yako mapenzi ya namna nyingine, yawezayo kusema hapana bila kuwa chuki? Swali hili si jepesi, kwa sababu kila upande una haki yake. Mzazi ni mzazi hata akiwa mlevi. Na maisha ya mtoto ni maisha kamili, si mabaki ya maisha ya mtu mwingine.

Hatuwezi kulijibu swali hili hewani. Tulishushe chini, katika nchi tunayoijua. Katika ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, tangu Port Victoria na Usenge hata Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, pombe si mgeni. Zamani wazee wa Kijaluo walikuwa wakikusanyika katika duol, kibanda cha mwenye boma, wakauzunguka mtungi mmoja wa pombe ya nafaka na kuinywa kwa mirija mirefu iitwayo oseke. Unywaji ule haukukosa walevi, maana hapana zama zilizokosa walevi; lakini ulikuwa na mipaka. Nafaka ilitoka shambani, kwa hiyo mtungi ulitegemea mavuno. Walioketi kuuzunguka walikuwa watu wazima, kwa hiyo kijana alingoja umri wake. Na kila mnywaji alitazamwa na wenzake, kwa hiyo aliyepita kiasi alijulikana na kukanywa.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Port Florence. Reli ilileta bandari, bandari ikaleta mishahara, na mishahara ikaigeuza pombe kuwa bidhaa. Bidhaa haingoji mavuno wala haiulizi umri wa mnunuzi. Mvuvi wa siku hizi huteka omena usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na asubuhi hupata fedha taslimu mkononi, hali amechoka, ana baridi, na nyumbani kwake ni mbali. Anayemtangulia mkewe kuziona fedha zile aghalabu ni muuza pombe aliye hatua chache kutoka mashua ilipotia nanga.

Pombe iliyo nafuu kuliko zote ni chang'aa. Hupikwa kwa kuchachusha unga wa mahindi, au molasi itokayo katika viwanda vya sukari, kisha kuchemsha mchachuko ule ndani ya pipa na kuupoza mvuke wake mpaka uwe maji makali. Mwaka 1980 Kenya ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku. Marufuku ile haikuikausha, bali iliisukuma vichochoroni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, iliifuta marufuku hiyo, ikataka vileo vitengenezwe kwa viwango vya afya, ikaweka saa za kuuza, na ikakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo chang'aa ya vichochoroni haijakoma, na pengine huchanganywa na methanoli, ambayo ni sumu. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa mjini Nairobi kwa kinywaji cha namna hiyo, na mwezi wa Mei mwaka 2014 wengine wengi walikufa katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Wako waliopona wakabaki vipofu.

Wala tusiwahukumu upesi wapikao. Miongoni mwao wamo wajane wasio na shamba wala duka, ambao pipa lile ndilo linalowalisha watoto. Basi hutokea kwamba karo ya mtoto mmoja yatoka katika chupa ile ile iliyomeza karo ya mtoto mwingine, na watoto hao wawili hukaa darasa moja. Nalitaja jambo hili ili uone, msomaji, kwamba habari ya pombe si hadithi ya watu wema na watu waovu. Ni mtego ulionasa watu wengi, kila mmoja kwa mguu wake.

Sasa tuulize, ulevi ni nini? Wengine husema ni tabia mbaya, wengine ni laana, wengine ni upungufu wa haya. Waganga wa leo wana jibu lililo wazi zaidi. Mtu anywapo mara kwa mara kwa wingi, ubongo wake huzoea kufanya kazi chini ya uzito wa kileo. Kileo kikikosekana, ubongo ule hupaparika: mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hukimbia, na kwa baadhi ya watu huja degedege au kuona vitu visivyokuwapo. Ndipo utamwona mzee mwenye heshima zake akitafuta glasi ya kwanza kabla jua halijapanda. Hanywi tena kwa furaha, bali anywa ili atulie. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani huuhesabu utegemezi wa pombe miongoni mwa maradhi.

Maarifa haya yana faida mbili kwa mtoto wa mlevi. Ya kwanza ni kwamba yanamtua mzigo wa lawama. Watoto wengi huamini moyoni kwamba wao ndio sababu. Mmoja hufikiri, laiti ningalikuwa wa kwanza darasani, baba asingalikunywa. Mwingine hufikiri, laiti nisingalimwomba mama viatu, wasingaligombana, wala baba asingalitoka. Fikira hizi ni za uongo, ingawa zinauma kama kweli. Hapana alama za mtihani ziletazo maradhi haya, wala hapana alama ziwezazo kuyaponya. Faida ya pili ni tahadhari. Aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi asifungiwe chumbani wala kunyang'anywa pombe yote kwa siku moja ili "ashike adabu." Kuacha ghafla bila uangalizi wa mganga kwaweza kumletea degedege, na kwaweza kumwua. Mtu kama huyo apelekwe hospitali.

Lakini hapa atasimama mtu na kuuliza: ikiwa ulevi ni ugonjwa, je, mlevi hana hatia? Naye aliyekula karo ya mwanawe aachwe tu, kwa kuwa yu mgonjwa? Swali hili ni la haki na lastahili jibu. Mgonjwa wa malaria halaumiwi kwa homa yake. Lakini dawa ikiletwa, na zahanati ikionyeshwa, na watu wakajitolea kumsindikiza, naye akakataa, basi kukataa kule ni kwake mwenyewe. Ugonjwa waeleza kwa nini mlevi anywa. Haumfutii wajibu wa kutafuta tiba, wala haumpi ruhusa ya kupiga watu. Kwa hiyo twaweza kumhurumia na kumdai kwa wakati mmoja. Mtu asiyeweza kufanya haya mawili pamoja atakuwa ama mkatili ama mtumwa.

Na utumwa ndio hatari kubwa ya jamaa ya mlevi. Hauji kwa minyororo. Huja kwa jina la mapenzi. Nimeona kwamba jamaa za walevi hujitwika mizigo mitatu, wakidhani yote mitatu ni wajibu.

Mzigo wa kwanza ni kuficha. Tuchukue mfano, nao ni wa kubuni, ingawa wanaofanana nao si wachache. Msichana wa kidato cha pili akaa Nyalenda. Baba yake ni fundi hodari, lakini kila Jumatatu kazini hayupo. Simu ikilia, msichana ndiye ajibuye: "Baba ana malaria." Mwalimu akiuliza kitabu, asema kimepotea, ilhali kimeuzwa. Rafiki akitaka kumtembelea, asema nyumbani kuna mgeni. Kwa mwaka mmoja amesema uongo mara mia, naye ni mtoto mkweli kwa asili yake. Uongo ule haukumponya baba, ila ulimwezesha kukaa mwaka mwingine katika hali ile ile. Naye msichana umemfanyia jambo moja la hakika: umemtenga na kila mtu ambaye angaliweza kumsaidia.

Mzigo wa pili ni kulipa. Mke hulipa deni la kilabuni kwa faida ya omena aliyouza Kibuye. Mwana huacha masomo akavue, ili nyumba isijue kwamba mshahara umekwisha. Ndugu hutoa dhamana kila mara, huomba radhi kila mara, na kuokota vipande kila mara. Matendo haya ni ya ukarimu, na sitasema kwamba ni mabaya daima. Mtoto mwenye njaa sharti apikiwe chakula, hata kama fedha yake imenywewa. Lakini iko tofauti kati ya kumlisha mtoto na kumlipia mlevi. Ulaji wa mtoto ni haki yake. Deni la kilabuni ni la aliyelikopa, na kila likilipwa na mtu mwingine, mlevi hukosa somo ambalo deni lenyewe lingemfundisha.

Mzigo wa tatu ni kulinda. Huu ndio unaochosha kuliko yote. Jamaa huhesabu chupa, hunusa pumzi, humwaga kileo shimoni, hufuata nyuma gizani, hukesha akisikiliza mlango. Yeye hanywi, lakini kila saa yake imetawaliwa na pombe. Ikiwa mlevi kafurahi, naye hufurahi. Ikiwa kakasirika, naye hutetemeka. Kule kulinda kote hakujamzuia mlevi hata mmoja aliyeazimu kunywa.

Jambo hili liligunduliwa na mwanamke mmoja wa Marekani aliyeitwa Lois Wilson. Mumewe, Bill Wilson, alikuwa mlevi aliyeshindikana, naye Lois alitumia miaka mingi kumlinda na kumsihi. Mwaka 1935 Bill na mganga mmoja, Bob Smith, walianza katika mji wa Akron chama cha walevi wasaidianao kuacha pombe, kiitwacho Alcoholics Anonymous. Bill alikuwa amekwisha kuacha kunywa. Ungedhani Lois sasa alipata raha. Kinyume chake, siku moja mumewe alipomwambia waharakishe kwenda mkutanoni, alishikwa na hasira akamtupia kiatu. Alipoifikiri hasira ile alitambua kwamba pombe ilikuwa imekwisha kutoka nyumbani, lakini yeye alikuwa bado mgonjwa wake. Alikuwa ameishi kwa ajili ya kumwokoa mtu, na mtu huyo alipookolewa na wengine, hakujua tena yeye mwenyewe ni nani. Mwaka 1951 Lois na mwenziwe walivikusanya vikundi vya jamaa za walevi kuwa chama kimoja, Al-Anon, na mwaka 1957 vikazaliwa vikundi vya vijana, viitwavyo Alateen. Watu hukaa duara, kila mmoja asema yaliyompata, wenziwe wasikiliza bila kumhukumu, na yasemwayo hayatoki nje. Fundisho lao kubwa ni hili: hukuuleta ulevi wa jamaa yako, huwezi kuutawala, wala si wewe wa kuuponya, lakini waweza kujiponya mwenyewe, hata kama yeye bado anywa.

Usidhani kwamba fundisho hili ni la kigeni na halitufai. Mvuvi yeyote wa Dunga alijua kabla hajasikia habari za Marekani. Mtu azamapo ziwani, mvuvi mwenye akili hamrukii mwilini, maana azamaye hushika chochote kilicho karibu na kuzama nacho. Humnyoshea kasia au kumtupia kamba, naye mwenyewe akiwa amekaa imara ndani ya mashua. Je, utasema mvuvi huyo hana mapenzi kwa sababu hakuruka? La. Mapenzi yake ndiyo yaliyomfanya abaki mahali ambapo msaada wake una nguvu. Hili ndilo jibu la swali letu la kwanza. Deni la mtoto kwa mzazi wake mlevi ni kumtupia kamba; si kuzama pamoja naye. Na deni lake kwa nafsi yake, yaani kula, kulala, kusoma na kukua, si uchoyo. Ndiyo mashua yenyewe.

Lakini liko pingamizi zito zaidi, nalo latoka katika mila zetu. Wazee watasema: mzazi hafunuliwi. Mtoto aelezaye mabaya ya babake amemvua nguo hadharani, na mtoto wa namna hiyo hana baraka. Silidharau pingamizi hili. Jamii isiyowaheshimu wazazi haidumu. Hata hivyo tutazame vizuri nini tunachokiheshimu. Kumheshimu baba ni kuiheshimu ile nafsi yake iliyomzaa na kumlea mtoto, iliyomfunza kuogelea, iliyombeba mgongoni wakati wa homa. Mtoto afichaye ulevi haifichi nafsi hiyo. Aificha chupa inayoiangamiza. Wahenga wenyewe walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakumwondoa mzazi katika neno hilo.

Tena iko tofauti kubwa kati ya kutangaza na kueleza. Kutangaza ni kumwambia asiyeweza kusaidia, ili apate la kucheka. Kueleza ni kumwambia awezaye kusaidia, ili apate la kutenda. Kabla hujasema, jiulize: namwambia nani, na kwa nini? Ukiona kwamba msikilizaji wako ni mtu mzima mwenye siri, na nia yako ni kuponya, basi sema bila kuona haya. Hukumsaliti mtu.

Utamwambia nani? Anza na walio karibu: shangazi, mjomba, nyanya, au jirani wa kuaminika. Shuleni yuko mwalimu wa ushauri nasaha. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto asinziaye darasani si lazima awe mvivu. Lakini mwalimu hawezi kuona yaliyo nyuma ya mlango wa nyumba yako mpaka umfungulie kidogo. Akina mama wa ufuoni wana nyoluoro zao, vyama vya kuweka akiba na kupeana kwa zamu, na mama yako akiwa na chama kama hicho, hao ndio watakaomjua kwanza akianguka. Dini zina viongozi wake. Na serikali ina milango yake: Mamlaka ya Kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, iitwayo NACADA, ina simu ya bure, nambari 1192, ambayo jamaa ya mlevi aweza kuipiga sawasawa na mlevi mwenyewe; na mtoto aliye hatarini aweza kupiga nambari 116, nayo pia bila malipo.

Hapa nataka niseme neno zito, nalo lisomwe mara mbili. Mahali penye kipigo, mashauri yote ya uvumilivu hukoma. Mtu akiwa amelewa usiku, usibishane naye, usimkumbushe makosa yake, usimnyang'anye chupa. Akili ya kusikia imekwisha kulala. Mazungumzo yangoje asubuhi. Na akiinua mkono au kushika silaha, au akikugusa kwa namna isiyofaa, toka uende kwa jirani mliyeafikiana mapema, pamoja na wadogo zako ikiwa waweza, kisha habari ipelekwe kwa chifu, kwa polisi au kwa afisa wa watoto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa asidhulumiwe wala kutelekezwa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelifafanua jambo hilo. Kuitafuta haki hiyo si utovu wa adabu. Kadhalika mlevi akilalamika kwamba macho yake yaona ukungu, au akizimia na kukataa kuamka, usingoje alale mpaka pombe imtoke. Huenda ni sumu. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Baada ya kusema habari za kujiokoa, tuseme habari za kupona, kwa kuwa ni mambo mawili mbalimbali. Mtoto aweza kutoka katika nyumba ya ulevi lakini nyumba ile isitoke ndani yake. Hushtuka akisikia mlango. Huona haya bila kosa. Hujua kusoma sura za watu wote ila hajui yeye mwenyewe ataka nini. Na juu ya hayo husikia methali ile inayomtisha: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Methali nyingi ni za kweli, lakini hii, ikitumiwa juu ya mtoto wa mlevi, ni kweli nusu na uongo nusu. Kweli yake ni kwamba wataalamu waliochunguza mapacha na watoto waliolelewa na wazazi wengine wameona kuwa urithi wa damu una sehemu kubwa, takribani nusu, katika hatari ya mtu kuwa mlevi. Basi mwenye mzazi mlevi ana sababu nzuri kuliko wengine ya kutoigusa glasi ya kwanza. Uongo wake ni kwamba urithi si hukumu. Watoto wengi wa walevi hawakuwa walevi.

Iko habari ya kisiwa kiitwacho Kauai, katika visiwa vya Hawaii. Mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955, tangu kuzaliwa hata utu uzima. Wengine kati yao walikulia katika nyumba zenye umaskini, ugomvi, ulevi au wazazi wenye maradhi ya akili. Ungetazamia wote waharibike. Lakini kama theluthi moja ya hao waliokuwa katika hatari kubwa walikua wakawa watu wema, wenye kazi, wenye kupenda na kupendwa. Watafiti walipotafuta sababu, mojawapo iliyojitokeza ni kwamba mtoto wa namna hiyo alikuwa na uhusiano wa kudumu na mtu mzima angalau mmoja aliyemjali, naye pengine hakuwa mzazi wake: nyanya, mwalimu, jirani, kiongozi wa dini.

Wajaluo wa zamani walilijenga jambo hilo kwa udongo na nyasi. Palikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee, ambamo watoto walilala, wakasikiliza hadithi na mafumbo, na kufundishwa maisha na mwanamke asiyekuwa mama yao. Mtoto aliyekuwa na matata katika nyumba ya babake alikuwa na mahali pengine pa kulaza kichwa, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Siku hizi, katika vyumba vya kupanga vya Manyatta na Kondele, mtoto hana siwindhe. Hana budi kuitafuta, nasi watu wazima hatuna budi kuwa siwindhe kwa watoto wasio wetu. Hili ni neno kwangu na kwa walimu wenzangu kama lilivyo kwako.

Limesalia neno la msamaha. Mzazi mwingine ataacha kunywa. Usitazamie kwamba siku atakayoacha nyumba itakuwa pepo. Aliyeacha huwa mwepesi wa hasira, ana deni, ana haya, na pengine huanguka mara mbili tatu kabla hajasimama. Mpe muda, lakini usimrudishie imani yote kwa siku moja. Imani hurudishwa kwa matendo, haba na haba. Mzazi mwingine hataacha. Utamtupia kamba mara nyingi naye hataishika, na huenda ukamzika. Ikitokea hivyo, kumbuka kwamba wajibu wako ulikuwa kutupa kamba, si kuishika kwa mikono yake. Waweza kumlilia kwa mapenzi na kumkumbuka kwa ukweli, ukisema: alikuwa mtu mwema aliyeshikwa na ugonjwa mbaya, na aliniumiza, nami nimemsamehe. Maneno hayo yote manne yaweza kukaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Na wewe usiye na mlevi nyumbani, una wajibu wako pia. Mwenzako ajapo shule bila kitabu, usimcheke. Asipotaka uende kwao, usimshurutishe. Akianza kukueleza, nyamaza umsikilize mpaka amalize, usimpe dawa ambayo hakukuomba, wala usiipeleke habari yake uwanjani. Ukiona yu hatarini, mwambie kwamba mtakwenda pamoja kwa mwalimu. Wasema watu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana usiubebe huuoni uzito wake. Mshike upande mmoja, nawe utaujua.